Nyonga ya Chuma, Nyumba Kumi

Jumatatu, 1 Julai 1974

Nyonga inauma. Niandike nini kingine? Miezi minane sasa inauma. Novemba iliyopita daktari wa Kizungu, kwenye hospitali ya mbali ambayo kutoka hapa Tabora ni safari ya siku tatu, alinifungua upande wa kushoto, akatoa mfupa uliokwisha na kutia chuma. Akasema baada ya miezi mitatu nitatembea kama kijana. Kijana yupi? Hakusema.

Kanyenye nzima imeamua kwamba siumwi. Wanasema chuma hakina mishipa, kwa hiyo chuma hakiumi. Na hawa ndio waliohitimu elimu ya watu wazima! Jirani yangu Mwamvita, mwanamke ambaye akikohoa mara moja hulala siku mbili, leo ameniuliza mbele ya watu kama labda nimezoea tu kuchechemea. Nilitaka kuondoka kwa hasira. Nyonga haikuniruhusu. Niliondoka polepole, akapata nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni Yahaya, fundi cherehani wa barazani, nyumba ya saba. Amekwenda tawi la TANU akasema balozi wetu hatembelei nyumba zake. Balozi ni mimi, Mabruki Ngollo, karani wa mizigo mstaafu wa reli, balozi wa nyumba kumi hizi tangu mwaka 1965. Katibu wa tawi ameitisha uchaguzi Jumapili ya tarehe 14. Miaka tisa ya utumishi, na mtu anayefanya kazi na pini mdomoni anataka kuniondoa!

Eti sitembelei. Mwanahawa, mke wangu, anazitembelea kwa niaba yangu. Anazunguka nyumba zote kila juma, anasikiliza ugomvi, anaandika nani hana sukari, ananiletea barua nitie saini. Kwa muda tu, mpaka nipone. Mtu mwenye akili angeona kwamba hiyo ni serikali ile ile.

Nimeamua. Nitazunguka nyumba kumi kwa miguu yangu na kumpa kila mtu mkono. Siku kumi na tatu zinatosha.


Jumanne, 2 Julai

Nimeanza na nyumba yangu mwenyewe. Ilikwenda vizuri.

Nyumba ya pili hawakuwepo. Vizuri pia.

Nyumba ya tatu ni ya Mwamvita. Alifurahi mno, akaniletea kigoda. Sasa, karatasi niliyopewa hospitali inakataza kigoda. Inakataza mkeka, kuchuchumaa, na kukunja nne. Hata chooni ninatumia kiti chenye tundu alichonichongea Damas seremala, na watu walikuja kukitazama juma zima. Katibu wa tawi mwenyewe alikuja kukikagua kwa ajili ya kampeni ya Mtu ni Afya, akakizunguka mara mbili, akaondoka. Lakini balozi anakataaje kiti nyumbani kwa mwananchi siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi? Nikakaa.

Kukaa hakuna shida. Kuinuka! Nilijaribu mara nne. Mara ya nne niliinuka na kigoda. Maumivu yalitoka kinenani yakateremka pajani mpaka gotini, nikaona nyota mchana kweupe. Mwamvita akapiga ukelele na kumwita jirani yeyote aliye karibu. Aliye karibu alikuwa Yahaya. Akanishika chini ya kwapa, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni, akaninyanyua kama anavyonyanyua suti. Nadhani alinipima pia. Sina ushahidi.

Akaniambia pole, balozi. Mnafiki.


Jumatano, 3 Julai

Mwanahawa amenipeleka zahanati ya misheni kwa nguvu. Hapo yuko Sista Flavia, muuguzi, umri wa binti yangu wa mwisho, mtoto wa wakulima wa huko Usinge. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akanivunjia heshima zote.

Kwanza alitazama picha ya mifupa. Akasema chuma kimekaa vizuri sana, hakina kosa. Nikamwambia kama hakina kosa, basi aniambie ni nani anayeniuma. Akasema ni nyama za paja. Zimelala. Aliuliza ile karatasi ya mazoezi iko wapi: kulala chali, kuinua mguu mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Nikasema ipo. Mwanahawa akasema ipo, imekunjwa chini ya mguu wa redio ili isiyumbe. Mke wa mtu!

Kisha akaniambia nitembee. Nikatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni kwa madaha yote ya karani wa reli. Akacheka. Mtoto wa kike, akacheka! Akasema naushika mkongojo kwa mkono usio wake. Nyonga mbovu ni ya kushoto, mkongojo unatakiwa kulia. Ukiushika upande ule ule wa ugonjwa, uzito wote unauangukia ugonjwa. Akauliza nikibeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja ninaegemea upande gani. Nikamjibu kwamba sibebi ndoo, nina mke. Mwanahawa akatazama dari.

Nilimweleza Sista kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgeni. Mkono wa kulia wa balozi si wa kushikia mti. Ni wa kuwapa watu. Kutoka kwangu mpaka msikitini napokea mikono thelathini, siku ya gulio hamsini. Nitawapa watu mkono wa kushoto? Mkono wa kutawadhia? Nitaanza vita! Akasema basi niwe nauhamisha mkongojo kila ninapoamkiana na mtu, au niutundike kiwikoni. Kutundika! Kama bibi arusi na mkoba.

Hakunificha kitu. Alisema wengine maumivu huchukua mwaka, wengine hubaki nayo kidogo maisha yao yote, na hilo halimo mikononi mwake. Ila haya ninayojiongezea mwenyewe, alisema, hayo ni yangu, na yanaweza kupungua kwa juma moja.

Ameandika kwa herufi kubwa: KULIA. Nimeiweka karatasi pamoja na ile nyingine. Redio sasa haiyumbi hata kidogo.


Alhamisi, 4 Julai

Leo nitaandika kitu ambacho sikuwahi kukiandika. Asubuhi siwezi kuvaa soksi ya kushoto. Mkono haufiki. Kila siku Mwanahawa hupiga magoti mbele yangu, huivuta soksi, hufunga na kamba ya kiatu. Nami hutazama ukutani. Babu yangu alibeba pembe la ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na mimi navalishwa soksi. Naona aibu. Naona na hofu pia, kwamba itakuwa hivi mpaka nife. Basi. Imeandikwa.

Baada ya hapo nilijaribu mkongojo kwa mkono wa kulia, ndani, mlango umefungwa. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, mara mbili. Tofauti ipo. Naandika hapa kwa siri, na Flavia asijue kamwe.

Nikapata ujasiri, nikatoka nje hivyo hivyo. Hatua ya kumi nikakutana na mzee Kashindye, aliyekuja kutoka upande wa Isikizya kumtazama mwanawe wa nyumba ya tano. Akaniamkia mwangaluka, mkono wake umeshafika. Nikaanza kuhamisha mkongojo. Mkongojo ukaenda kushoto, mimi nikaenda kulia, nikamkamata mzee wa watu mabegani, tukabaki tumekumbatiana katikati ya njia kama ndugu waliopotezana wakati wa Wajerumani. Yeye hakujua anifariji kwa msiba gani. Barazani cherehani ilisimama. Yahaya alikuwa anacheka bila kutoa pini mdomoni. Sikumwomba Mungu ammezeshe moja. Nilifikiria tu.

Kwa hiyo ushauri wa Flavia haufai kwa mji wenye adabu. Huko kwao shambani labda watu hawapeani mikono.

Lakini nimepata wazo. Ni wazo zuri mno hata nimecheka peke yangu.


Ijumaa, 5 Julai

Bendeji!

Asubuhi nilitoa bendeji iliyobaki ya hospitali, nikaufunga mkono wa kulia kuanzia kifundo mpaka kwenye vidole. Nimeungua na chai. Nani atampa mkono mtu aliyeungua? Mwanahawa aliniuliza chai ipi, maana anayechemsha chai nyumba hii ni yeye. Nikamwambia asiingilie mambo ya siasa.

Msikitini mambo yalikwenda kama treni ya zamani, kabla hazijaanza kuchelewa. Nilisali juu ya kiti kama kawaida yangu siku hizi. Baada ya sala watu walinijia, wakaona bendeji, wakarudisha mikono, wakasema pole balozi, pole sana. Pole ishirini na sita! Miezi minane nimeteseka na nyonga ya kweli sikupata pole sita. Nimefunga kitambaa kwenye mkono mzima, mji mzima unahuzunika. Hawa ndio wananchi ninaowaongoza.

Sasa mkono wa kulia hauna kazi ya kuamkia watu. Hivyo nikaupa mkongojo. Nimetembea kutoka msikitini mpaka nyumbani nikisimama mara moja tu, na hiyo mara moja nilisimama ili Yahaya anione.


Jumamosi, 6 Julai

Sokoni nimekutana na Lugembe, mwindaji wa Usinge aliyeacha kuwinda baada ya misitu kuhifadhiwa. Sasa anauza mafuta ya chatu. Amenieleza kwamba chatu hana nyonga kabisa, kwa hiyo haumwi nyonga, kwa hiyo mafuta yake yanaifundisha nyonga ya binadamu kutulia. Hapo niliona mtu mwenye hoja. Hakunicheka. Hakuniambia nitembee kutoka dirishani mpaka mlangoni. Nimempa koti langu la reli, naye amenipa chupa nzima.

Mafuta yananuka kama ngozi iliyoloweshwa. Mwanahawa amehamishia mto wake upande wa miguuni.


Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Nimeandamana! Kutoka Kanyenye mpaka uwanjani, nyuma ya bendera, mkongojo kulia, bendeji nyeupe kama theluji, na nilikuwepo mpaka hotuba ya mwisho. Maumivu nusu ya yale ya juma lililopita. Nusu! Nimesimama kwenye jua bila kuomba kiti. Kuna wakati bendi ilipopita nilisahau kabisa kwamba nina nyonga, na nilipokumbuka kwamba nimesahau, machozi yalinilengalenga. Nikasema ni vumbi.

Chatu! Miezi minane ya vidonge vyeupe, halafu nyoka mmoja wa Usinge anamaliza kazi kwa siku moja. Nitamwandikia yule Mzungu nimweleze, apate kuongeza elimu yake.

Uchaguzi umekwisha kabla haujaanza.


Jumanne, 9 Julai

Watu ni wabaya. Wana macho, na hawana kazi nyingine ya kuyapa.

Mwamvita ndiye aliyeanza. Anasema mkono wa balozi ni mgonjwa kweli? Mbona unashika mkongojo? Mbona unaubana mkongojo barabara, unaegemea kwa mwili wote, na hauumi? Yaani mkono unaweza kushika mti, lakini hauwezi kushika mkono wa jirani?

Neno hilo limezunguka nyumba kumi haraka kuliko mimi. Kufika adhuhuri ilikuwa balozi amewakataa watu mikono. Kufika alasiri ilikuwa balozi anaogopa watu wataiba nyota yake kabla ya uchaguzi. Mzee Kashindye, ambaye Alhamisi nilimkumbatia njiani na Jumatatu sikumpa hata kidole, ameuliza mbele ya watu ana kosa gani kwangu. Amesema ana miaka sabini na tano na hajawahi kunyooshea mtu mkono ukarudi mtupu. Na amemkataza mwanawe wa nyumba ya tano kuja kwangu kuomba barua.

Niliwaeleza kuhusu chai. Kwa bahati mbaya nyumba ya nne nilisema ni pasi ya mkaa, na nyumba ya nane, nikiwa nimechoka, nilisema nyuki. Wamekutana kisimani wakalinganisha.

Yahaya anashona tu. Hiyo ndiyo hatari.


Alhamisi, 11 Julai

Nimechukua hatua. Bendeji nimeitoa mbele ya Mwamvita, nikamwonyesha mkono uliopona kwa rehema ya Mungu. Akautazama huku na huku. Akasema umepona vizuri, hata kovu haukuachiwa.

Kisha nikaurudisha mkongojo kushoto, mahali pake pa heshima, nikatoka kuzunguka nyumba zote kumi na kumpa kila mtu mkono mara mbili, mara moja ya leo na mara moja ya fidia. Nilikuwa nimejipaka chatu mpaka mbavuni. Nilijiamini.

Nyumba ya kwanza na ya pili, sawa. Ya tatu, ganzi. Ya nne, moto. Ya tano nilimwomba radhi mzee Kashindye, nikamshika mkono kwa muda mrefu. Alidhani ni majuto. Nilikuwa siwezi kusonga. Ya sita sikumbuki.

Ya saba ni baraza la Yahaya. Hapo mguu ulikataa, ukakataa kabisa, nikaangukia kwenye kiti chake cha kushonea. Kiti kirefu, Alhamdulillahi, kinanifaa. Adui yangu akasimama nje juani kwa sababu mimi nimekalia kazi yake. Akamtuma mkewe alete chai. Akanipa mkono, mimi nikiwa nimekaa, akaniuliza taratibu kama inauma sana. Sijui kwa nini nilimwambia ndiyo. Nilimwambia ndiyo, Yahaya, inauma sana. Hakucheka. Akasema aliona tangu zamani.

Kisha akaongeza kwamba yeye hautaki ubalozi. Ana sare za shule mia moja na hamsini za kushona, ubalozi ataufanya saa ngapi? Aliomba uchaguzi kwa sababu nyingine, na nitaiona Jumapili.

Ujanja wa kitoto! Mtu asiyeutaka ubalozi angeomba uchaguzi kwa nini? Nimeinywa chai yake yote ili kumtia hasara.

Mwanahawa alikuja kunichukua. Alinipitisha njia nzima bega langu juu ya bega lake, na kila aliyekutana naye aliongea naye habari ya sukari na unga wa njano na mtoto wa nani ametoroka shule. Alijibu wote. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Mafuta ya Lugembe ni feki. Huyo chatu alikuwa kenge.


Ijumaa, 12 Julai

Kitandani. Siandiki.


Jumamosi, 13 Julai

Kitandani. Mwanahawa amenipelekea mkono wa pole kwenye msiba wa nyumba ya tisa. Amekaa nao kutwa nzima, mkekani. Mimi nimepanga hotuba ya ushindi, kurasa tatu. Ninawasamehe watu wote kwa majina, isipokuwa Mwamvita, ambaye ninamsamehe bila jina ili ajitambue.


Jumapili, 14 Julai

Mkutano ulifanyika uani kwa Mwamvita. Mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake. Hakuna karatasi, hakuna kuficha. Katibu wa tawi akauliza nani anajitokeza. Nikasimama mbele, mkongojo kushoto, mkono wa kulia tayari kwa wote. Akauliza nani mwingine. Nikamtazama Yahaya. Yahaya akatoa pini mdomoni, mara ya kwanza mwaka huu, akasema anampendekeza Bi Mwanahawa.

Nikageuka kumtafuta Mwanahawa mwingine. Hayupo.

Yahaya akasema maneno machache, na kwa kuwa hakuwa na pini yalieleweka. Kwamba nyumba hizi zina balozi mmoja kwenye daftari la tawi na balozi mwingine njiani, na imefika wakati wawe mmoja. Ndiyo maana aliomba uchaguzi. Watu wakaitikia. Wakaanza kusogea. Mwamvita wa kwanza, mbio, utadhani kwake kunatolewa sukari. Kisha nyumba ya pili, ya nne, mwana wa mzee Kashindye, wafiwa wa nyumba ya tisa na kanga zao za msiba. Mstari ukafika mpaka kwenye banda la kuku. Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Nilihakikisha mara mbili, na kugeuka kunaniumiza.

Nilimtazama mke wangu nikitaka akatae. Miaka thelathini na moja ya ndoa, nilijua atakataa. Katibu akamwuliza kama anakubali. Akasema, akinitazama mimi na si katibu, kwamba miezi minane kila alfajiri anasikia ninavyouma meno ili asisikie. Kwamba ninatembea kwa ajili ya mikono ya watu na si kwa ajili ya mguu wangu. Kwamba kama ubalozi ndio unaonizuia kupona, basi aubebe yeye, nami nibaki nyumbani niinue huo mguu mara kumi. Sauti yake ilikatika hapo kwenye mara kumi.

Nilikuwa na kurasa tatu mfukoni. Zilibaki humo humo.

Katibu akasema kwa mujibu wa utaratibu hesabu haijakamilika, kuna mwanachama mmoja bado hajajipanga. Ni mimi. Nikaenda. Ulikuwa mwendo mrefu, mstari mzima, kutoka kwa Mwanahawa mpaka kwenye banda la kuku, na watu walikuwa wananipisha. Nikasimama wa mwisho. Mtu kusimama peke yake kunauma kuliko kusimama na wenzake, hilo la nyonga nalijua. La moyo nimelijua leo.

Kura zote. Hata yangu.


Jumatatu, 15 Julai

Balozi mpya amezitoa karatasi mbili chini ya redio. Nimelala chali, naye kasimama juu yangu anahesabu. Moja. Mbili. Ya sita nilimlaani Flavia, ya nane nililaani ukoo wake mpaka Usinge. Kumi. Kisha akanitia mkongojo mkono wa kulia, akanitembeza uani, mara tano kwenda na mara tano kurudi, hakuna mtu wa kuniamkia isipokuwa bata.

Jioni maumivu yalikuwa madogo. Tena madogo kuliko Sabasaba. Nililala alasiri bila kukunja uso, Mwanahawa ameniambia.

Nimefikiri sana na nimegundua sababu. Ni mzigo wa uongozi! Uongozi ulikuwa unanikalia nyongani. Umetoka, na maumivu yametoka. Ajabu kwamba hakuna daktari aliyeliona hilo.


Alhamisi, 18 Julai

Nimegundua jambo jingine, kubwa zaidi. Balozi anapokea mikono ya nyumba kumi. Lakini mume wa balozi! Mume wa balozi anapokea mikono ya nyumba kumi, na ya wale wanaotaka kumfikia balozi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa sijaifikiria nafasi hiyo. Haina uchaguzi, haina katibu wa tawi, na haina Yahaya.

Nimetoka mapema, Mwanahawa akiwa kisimani, kwenda kumtambulisha kwa wananchi wake. Mkongojo kushoto, bila shaka. Sasa zaidi ya zamani. Nyumba ya pili walifurahi. Nyumba ya tatu Mwamvita alileta kigoda, nami sasa si mgombea, ningeweza kukataa. Nilikaa. Mume wa balozi akikataa kiti, watasema nyumba nzima ina maringo.

Kuanzia nyumba ya nne nyonga imerudi na hasira zake zote. Kwa hiyo sasa ushahidi umekamilika. Si mkono, si mkongojo, si nyama zilizolala. Ni chuma kibovu. Yule Mzungu alinitilia chuma cha majaribio. Ninarudi kule kule kilipotoka, akitoe, anitie kingine cha nchi rafiki.

Kwa safari hiyo inatakiwa barua ya balozi. Nimemwomba balozi. Balozi amekataa kutia saini mpaka auone mkongojo mkono wa kulia kwa siku thelathini mfululizo. Nikamkumbusha kwamba ni mke wangu. Akasema afisini kwake hakuna undugu. Madaraka yanalevya watu upesi mno.

Basi nimeiandika barua mwenyewe, nikaenda nayo posta. Mabenchi ya pale ni ya chini, hayanifai, kwa hiyo niliiga saini ya Mwanahawa nikiwa nimesimama kaunta. Imetoka vizuri, herufi zimenyooka, maana mkono wa kulia ulikuwa mtupu.